Meko Hukaguliwa Kuanzia Darini

Katika nyanda za baridi, kuanzia Limuru na Molo hadi Lushoto, Njombe na Mafinga, meko ya kuotea moto yamekuwa pambo la sebule kabla ya kuwa chombo cha kuleta joto. Mwenye nyumba akimsifu fundi wake, husifu mawe yaliyochongwa, rafu ya mninga iliyokaa juu ya mdomo wa meko, na namna rangi zilivyopatana na sakafu. Vyote hivyo ni halali kusifiwa, lakini kuhusu ubora wa meko havisemi lolote. Meko ni njia ya kupitishia gesi za moto mkali katikati ya nyumba yenye mbao, na sehemu zinazoamua kama kazi ni nzuri au ni ya kubabaisha zote zimefichwa: koo jembamba lililo juu ya moto, chumba cha moshi kinachofuata, utumbo wa dohani, na nafasi iliyoachwa kati ya dohani na paa. Anayetaka kujua ustadi wa fundi apande darini kwanza na tochi yake, sebuleni aende mwisho.

Huko darini swali ni moja: mbao zimekaa umbali gani na dohani? Kanuni za ujenzi za Marekani, ambako nyumba nyingi ni za mbao tupu, hudai sentimita 5 za uwazi kati ya mbao na dohani ya matofali iliyo ndani ya nyumba. Bomba la chuma la ukuta mmoja hutakiwa kukaa mbali zaidi, sentimita 45 hivi. Mtu atasema kwamba huku kwetu kuta ni za tofali na paa ni la bati, hivyo kanuni hizo hazituhusu. Lakini bati halijishikilii lenyewe. Chini yake kuna kenchi na papi za msonobari au mkaratusi, na chini ya hizo kuna dari, mara nyingi ya mbao au ubao mwepesi. Mafundi wengi huegemeza kenchi kwenye dohani kwa makusudi, kwa kuwa ni nguzo imara iliyo tayari, na wengine hupitisha bomba la chuma katika dari kwa tundu lililokatwa likalibana bomba sawasawa. Kazi ya namna hiyo huonekana nadhifu, na unadhifu wake ndio kasoro. Wapo pia wanaojitetea kwamba meko yao yamewashwa miaka kumi na mitano bila hata kovu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mbao zingebaki zilivyokuwa. Ubao unaopashwa joto msimu baada ya msimu hugeuka taratibu kuelekea mkaa, na kiwango cha joto kinachotosha kuuwasha huendelea kushuka. Kwa hiyo miaka mingi bila ajali si ushahidi wa usalama. Ukikuta ubao umekuwa wa kahawia iliyokoza upande unaotazama dohani, hesabu imeshaanza.

Baada ya nafasi, mvuto. Mwaka 1796 mwanasayansi Count Rumford alichapisha London insha kuhusu meko yanayojaza nyumba moshi, na dawa yake haikuwa kupanua njia bali kuibana: aliyafanya meko yawe na kina kifupi, akazikunjua kuta za pembeni ili zirushe joto chumbani, na koo akalipunguza hadi upana wa inchi 4 hivi. Sababu yake bado ni ileile. Moshi hupanda kwa kuwa ni wa moto na mwepesi kuliko hewa ya nje, na jinsi dohani inavyokuwa ndefu na yenye joto ndivyo inavyovuta. Tundu likiwa kubwa mno, moshi husuasua na kupoa njiani, na moshi uliopoa hauishii kurudi sebuleni tu. Mvuke wake wa lami huganda ukutani na kuwa kuni mpya ndani ya dohani. Ndiyo maana siwezi kutenganisha ustadi na usalama katika kazi hii: dohani inayovuta vizuri ndiyo inayobaki safi. Kipimo kinachotumika sana ni utumbo wa dohani kuwa sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko. Mdomo wa sentimita 90 kwa 75 unahitaji utumbo wa kama sentimita 26 kwa 26. Nje, kilele kiinuke angalau sentimita 90 juu ya pale kinapotoboa paa, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, ama sivyo upepo unaobingirika juu ya paa utausukuma moshi chini.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Saruji ya kawaida haifai kwenye kisanduku cha moto, kwa sababu ikipita nyuzi 400 hivi huanza kuvunjika kikemia na kubomoka. Panahitajika matofali yanayohimili moto na udongo wake. Mawe ya mtoni yaliyonyonya maji yanaweza kupasuka. Ndani ya dohani pawe na mabomba ya udongo wa kuchoma au ya chuma kisichoshika kutu, na viungo vyake viwe laini. Lipu ya saruji iliyopakwa kwa mwiko na kuachwa na mikwaruzo hupasuka, na cheche hupenya katika nyufa hizo.

Mkaguzi mzuri pia husoma masizi. Yakiwa unga mkavu, moto unawaka vizuri. Yakiwa magamba meusi, kuni ni mbichi au hewa inabanwa. Yakiwa utando unaong'aa kama lami, meko yasiwashwe tena hadi yasafishwe, na brashi ya kawaida haitautoa. Wakaguzi wa Marekani hutaka dohani ipigwe brashi masizi yakifikia milimita 3. Wapo wanaoamini kwamba moto mkali mara mojamoja huyaunguza masizi na kuokoa gharama ya fundi. Ni kweli huyaunguza. Lakini moto wa ndani ya dohani unaweza kupita nyuzi 1,000, ukapasua mabomba ya udongo, na zile sentimita 5 za darini zikawa ndiyo kinga pekee iliyobaki. Njia ya nafuu ni kupasua mkaratusi au mwati mapema na kuuanika chini ya kivuli chenye upepo hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Magogo mazima yaliyorundikwa mvuani hayakauki hata yakae mwaka.

Sebuleni sasa. Tazama ukuta ulio juu ya mdomo: doa la moshi ni shahidi kwamba mvuto haupo, hata kama limepakwa rangi juzi. Washa karatasi moja chini ya koo, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kama usiku wa baridi. Moshi usipopanda mara moja, nyumba inanyimwa hewa au dohani ni mbovu, na gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu itafuata njia hiyohiyo kuingia chumbani. Pima sakafu isiyoungua mbele ya mdomo. Sentimita 40 ni kiasi cha chini kwa meko madogo, na 50 kwa makubwa. Zulia likifika hapo, si kosa la fundi. Kosa lake ni kujenga sakafu fupi kwa sababu vigae vilikuwa ghali. Mwisho uliza majivu yanawekwa wapi. Makaa yaliyofunikwa na majivu huishi siku kadhaa, na ndoo ya plastiki barazani imeshachoma nyumba ambazo dohani zake hazikuwa na ila yoyote. Chombo kiwe cha chuma, chenye mfuniko, na kikae nje mbali na ukuta wa mbao.