Pongezi kwa Msoma Slaidi

Sayansi tunayoisifia chanjo na satelaiti hufika zahanatini kupitia mikono ya mtaalamu wa maabara, na yeye ndiye ninayempongeza kwanza. Anamchoma mgonjwa kidoleni, anatandaza tone nene la damu kwenye slaidi, analitia rangi ya Giemsa, kisha anainamia hadubini na kuhesabu vimelea vya malaria kwa kila chembe nyeupe 200. Bila jicho hilo kila homa ingeitwa malaria, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi, na mtoto mwenye nimonia angerudishwa nyumbani na dawa isiyomfaa.

Wapo wasemao kipimo cha haraka cha malaria kimemaliza kazi ya mtaalamu huyu. Kweli, kipimo hicho ni neema kubwa pasipo na umeme, na kimewaokoa wengi. Lakini vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini inayoweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, wala havihesabu vimelea. Dawa inapoanza kushindwa, habari hizo huletwa na slaidi ya siku ya tatu ya matibabu, ikisomwa na mtu aliyefunzwa, ambaye mshahara wake, kwa maoni yangu, haulingani kabisa na uzito wa anachokiona.