Kabla Penseli Haijagusa Karatasi

Jumanne na Alhamisi, akitoka kazini Kariakoo, shemeji yangu anakuja kwetu Tabata na daftari la kaunta na penseli mbili zilizochongwa. Kompyuta inabaki ndani ya begi. Ni mdogo wake mke wangu, amesomea takwimu, na hii ni wiki ya sita anajiandaa kwa usaili wa nafasi ya mchambuzi wa data. Mimi nimekaa upande wa wasaili kwa miaka kadhaa, hivyo kazi yangu ni kumuuliza maswali. Nilidhani ningekuwa namfundisha. Muda mwingi namtazama tu.

Penseli ina sababu yake. Kompyuta hukuonyesha ulipokosea, unarekebisha, unajaribu tena, na mwishowe jibu linatokea hata kama hujui limetokaje. Karatasi haikusaidii. Chumba cha usaili nacho mara nyingi ndivyo kilivyo: ubao mweupe, au ukurasa mtupu kwenye skrini, na watu wawili wanaokusubiri. Basi anaandika SQL, lugha ya kuulizia data iliyo kwenye majedwali, kwa mkono, neno kwa neno, huku akisema kwa sauti anachofanya na kwa nini anakifanya. Lugha hiyo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliitangaza mwaka 1974. Inamzidi umri zaidi ya mara mbili, na bado wachambuzi wengi hukutana nayo kwenye swali la kwanza kabisa la usaili.

Swali nililoanza nalo ni hili. Una majedwali mawili: moja la wateja wa huduma ya pesa kwa simu, jingine la miamala yao. Ni wateja wangapi hawakufanya muamala wowote mwezi uliopita?

Linaonekana jepesi, na nimewaona wengi wakilirukia. Wapo wanaotumia NOT IN: nipe wateja ambao namba zao hazimo katika orodha ya waliofanya miamala. Ukilisema hivyo kwa Kiswahili halina kasoro. Lakini kama ndani ya orodha ile upo muamala mmoja tu ambao namba ya mteja haikujazwa, SQL haikuletei mteja hata mmoja. Kwake pengo si sifuri wala si neno tupu. Maana yake ni “haijulikani”. Ukiiuliza kama mteja namba 17 ni tofauti na asiyejulikana, nayo itajibu kwamba haijui, na mstari usiojulikana haupiti. Hakuna onyo linalotokea. Unampelekea mkuu wako taarifa kwamba wateja wote wako hai, na jedwali zima linaonekana kukuunga mkono.

Wajuzi zaidi hutumia LEFT JOIN, ambayo humbakiza kila mteja hata asiye na muamala. Kisha wanaweka sharti la tarehe chini, kwenye WHERE. Hapo ndipo wanapowapoteza watu walewale wanaowatafuta, kwa sababu asiye na muamala hana tarehe, na chujio la tarehe humtupa nje. Sharti lile lilitakiwa kukaa juu, kwenye ON, pale majedwali yanapounganishwa. Ni kuhamisha maneno machache tu, na jibu linageuka kutoka uongo kuwa kweli.

Shemeji alianguka kwenye mtego huu wa pili jioni ya kwanza. Jioni ya tatu hakuandika kitu kwanza. Alichora. Aliweka wateja watatu pembeni mwa ukurasa: mmoja aliyetuma pesa mwezi uliopita, mmoja aliyetuma zamani kisha akanyamaza, mmoja aliyesajiliwa na hakuwahi kutuma hata mara moja. Ndipo akaandika SQL yake, na alipomaliza akamchukua kila mmoja na kumshusha kwa kidole, mstari kwa mstari, akisema: huyu anapita, huyu anatoka, huyu anabaki na pengo. Nimefanya kazi na watu wenye majina makubwa kuliko lake ambao hawajawahi kuwa na subira hiyo. Fundi cherehani hupima tena kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Sikuwahi kuona jambo hilo likifanyiwa wateja watatu wa kubuni hadi siku ile.

Alhamisi moja nilimletea kisa cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1973 wanaume 8,442 waliomba kusoma shahada za juu na asilimia 44 wakakubaliwa. Wanawake walioomba walikuwa 4,321, wakakubaliwa asilimia 35. Nikamuuliza: chuo kinawabagua wanawake?

Alikaa kimya muda mrefu. Ukimya ule ni sehemu ya ufundi huu, na naona ndiyo ngumu kuliko zote kuijenga, kwa sababu mbele ya wasaili kila sekunde inakusukuma useme chochote.

“Shemeji,” akasema, “waliomba idara zipi?”

Ndilo swali lenyewe. Peter Bickel na wenzake wawili, waliochapisha uchambuzi wao katika jarida la Science mwaka 1975, walikwenda idara kwa idara, na ile tofauti kubwa dhidi ya wanawake haikuonekana tena. Idara moja kubwa iliwachukua asilimia 62 ya wanaume 825 walioomba, na asilimia 82 ya wanawake 108. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ambazo mlango wake ni mwembamba kwa kila mtu. Nilipomweleza hayo hakufurahia ushindi wake. Aliuliza kwa nini wanawake walijikuta wengi kwenye milango myembamba, kisha akasema mwenyewe kwamba hilo halimo kwenye jedwali, na akaliandika pembeni.

Maswali ya kukadiria anayaweza bila shida. Dar es Salaam ina bodaboda ngapi? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Akachukulia mmoja kati ya kumi anapanda mara moja kwa siku, na kila dereva anapata safari kumi na tano, akafika kama 36,000. Makadirio hayo mawili aliyapigia mstari, kwamba ni yake na yanahitaji kupimwa mtaani. Maswali ya “tueleze udhaifu wako” tunayapitia haraka. Hayo atayajibu kwa ukweli wake.

Juzi, Jumanne, nilirudia swali la wateja waliolala, safari hii nikitaka alijibu kwa dakika tano. Niliweka simu mezani ikihesabu. Akachora wale watatu wake, akashika penseli, akaiinua tena.

“Na waliofunga akaunti, tunawahesabu humo?”

Swali langu la wateja waliolala nimewauliza watu kwa miaka mitatu. Nilitazama majedwali niliyoyachora mwenyewe, nikaona hayana safu ya tarehe ya kufunga akaunti. Nikasimamisha saa, nikavuta daftari upande wangu, na yeye akanipa penseli ya pili.