Saiwa: Hifadhi Iliyopimwa kwa Kwato za Nzohe

Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, pembeni mwa barabara ya Kitale kwenda Kapenguria, ina ukubwa wa kilomita tatu hivi za mraba, yaani kama ekari 740. Wako walowezi wa zamani wa Trans Nzoia waliomiliki mashamba makubwa kuliko hapo. Hakuna hifadhi ya taifa nchini Kenya iliyo ndogo kuliko hii, na ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe, swala wa majini. Hapo ndipo penye fumbo. Nzohe maisha yake yote ni kujificha. Utamwonyeshaje mgeni mnyama wa namna hiyo katika eneo dogo hivyo, bila kumfukuza?

Jibu linaanzia miguuni mwake. Kwato za nzohe ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, hivyo uzito wake husambaa juu ya tope na matete yaliyolala. Kinamasini hapiti mnyama wa kumfikia. Kwenye ardhi kavu mambo hugeuka, kwani kwato hizohizo humchelewesha. Ndiyo maana akishtuka hakimbilii uwandani. Huingia majini taratibu na kuzama hadi ibaki pua tu. Tena ni mnyama wa mazoea. Hupita katika vichochoro vilevile ndani ya matete, hukanyaga matete yakawa kitanda cha kupumzikia, na hutoka kula alfajiri na jioni.

Ukiyajua hayo, mpango mzima wa Saiwa unaeleweka. Uamuzi wa kwanza ni kwamba gari halina nafasi humo, kila mtu hutembea. Kinamasi chenyewe ni bonde refu na jembamba, kwa hiyo njia za miguu zimepita ukingoni, chini ya miti, na atembeaye hana haja ya kukata matete ili apate pa kuangalia.

Uamuzi wa pili ni njia za mbao. Panapobidi kuvuka, mgeni hupita juu ya mbao zilizoinuliwa juu ya tope. Watu huzisifu kwa kuwa zinaokoa viatu, lakini kazi yake kubwa ni kuviokoa vichochoro vya nzohe. Kundi la wanafunzi likipita topeni, linaacha mfereji, maji yanahama, na mnyama anapoteza njia aliyoizoea. Juu ya mbao, watu mia huacha alama sawa na mtu mmoja.

Uamuzi wa tatu ndio wenye akili zaidi, nao ni majukwaa ya mbao yaliyojengwa kwa kimo ukingoni mwa kinamasi. Kwa kuwa bonde ni jembamba, aliye juu ya jukwaa huona hadi ng'ambo, na huyaona matete kutoka juu. Aliye chini huona ukuta wa kijani tu. Halafu jukwaa halihami. Nzohe anayepita hapo kila siku hujifunza kwamba watu hukaa mahali pamoja na hawashuki, na baada ya muda huendelea kula.

Panda alfajiri, kabla ukungu haujainuka, ukae kimya. Hutamwona nzohe kwanza, utaona vichwa vya matete vikitikisika mahali pamoja wakati kwingine kumetulia. Mtikisiko husogea hatua moja, husimama, husogea tena. Kisha hutokea mgongo wa jike mwekundu wenye mistari myeupe, au dume la manyoya ya kijivujivu lenye pembe zilizosokotwa. Nyuma yako, mitini, huenda kukawa na kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe akikutazama muda wote huo.

Linganisha na Makumbusho ya Kitale, ambayo nayo yalifunguliwa mwaka huohuo wa 1974, yakirithi kazi ya Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Nyuma ya jengo kuna njia inayopita katika msitu wa asili. Pale kazi ni nyepesi, kwani mti ulioonwa leo na wanafunzi kutoka Bungoma utakuwa palepale darasa lijalo likifika, nao mwongozaji hulisogeza kundi kutoka shina hadi shina. Saiwa kazi ni kumtuliza mgeni mahali pamoja, mnyama ndiye asogee.

Msimu nao una amri yake. Mvua zikianza mwezi wa tatu au wa nne, kumbikumbi huruka (Wabukusu huwaita chiswa na kuwala kwa hamu), ndege hushiba, na matete hurefuka haraka. Uzuri wa bonde huongezeka lakini kumwona nzohe huwa kugumu. Kuanzia Desemba hadi Februari maji hupungua, matete hukauka, na macho hufika mbali zaidi.

Hata hivyo mpango huu una udhaifu: unaishia kwenye mpaka wa hifadhi. Chukua korongo taji, ndege wa kinamasini. Hutaga katika majani ya kinamasi penye maji, mayai mawili au matatu kwa kawaida, ila hutafuta chakula kwenye nyasi fupi na mashambani. Hifadhi ya ekari 740 haimtoshi. Tangu mwaka 2012 ndege huyu amewekwa katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka. Kwenye upungufu huo wa eneo ndipo wanakijiji wa Kipsaina, jirani na hifadhi, walipoingia. Kikundi chao cha kuhifadhi korongo na vinamasi kilianza kazi nje ya mpaka wa hifadhi, kwa vitalu vya miche, nyuki na samaki, ili kinamasi kimpe mkulima kipato bila kulimwa.

Nzohe naye anategemea mashamba hayo kuliko anavyotegemea mpaka wa hifadhi. Mahindi yakilimwa hadi ukingoni mwa kijito, mvua hushusha udongo na mbolea hadi kwenye matete. Mkaratusi ukipandwa chemchemini, hunywa maji kwanza. Hakuna jukwaa linaloweza kuzuia hayo. Na hasara haiishii Trans Nzoia, kwa sababu maji ya Saiwa huungana na ya Mto Nzoia, unaopita Webuye na kuporomoka Nabuyole kabla ya kuelekea Ziwa Victoria. Tope lisilonaswa na matete huku juu, Bungoma hulipokea.

Kaunti inayotaka kufungua kinamasi chake kwa wageni isianze kwa kuagiza mbao. Ianze kwa kuchunguza mnyama hupita wapi, saa ngapi na mwezi gani. Kisha ifuate kijito hadi chanzo chake na kukubaliana na wakulima mwisho wa jembe uwe wapi. Mbao huoza, na fundi huzibadilisha kwa wiki moja. Makubaliano na wakulima ndiyo yanayochukua miaka, kwa hiyo yatangulie.