Baraza ya Nani?

Mwezi wa Oktoba 2004, mjini San Francisco, wafanyabiashara wa intaneti walikutana katika mkutano walioupa jina la Web 2.0. Jina hilo halikuhusu mtambo mpya. Lilieleza mageuzi yaliyokwisha kuanza, ya msomaji kugeuka mwandishi na mtazamaji kugeuka mtunzi. Ilipofika Desemba 2006, jarida la Time la Marekani likamtangaza "Wewe" kuwa mtu wa mwaka.

Kwa watu wa pwani ugeni ulikuwa wa chombo tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, hakuwatungia wasikilizaji wasio na ulimi. Beti zake zilivuka maji hadi Lamu, zikajibiwa, naye akadaiwa jawabu jipya. Aliyejibu alibanwa na vina na mizani, tena alijulikana kwa jina. Intaneti imefungua mlango bila sharti la namna hiyo. Imepata wingi, ikapungukiwa na adabu ya kujibizana.

Lakini lawama ya adabu ni nyepesi, na wengi wameshaikariri. Lililo zito ni umiliki. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata Google iliinunua kwa dola bilioni 1.65, na kilichowavuta watazamaji humo kwa sehemu kubwa kilikuwa kazi ya watu wasiolipwa. GeoCities, ambako watu kwa mamilioni walijijengea kurasa tangu miaka ya 1990, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999, ikafungwa nchini Marekani Oktoba 2009. Waliojitolea waliwahi kunakili sehemu yake, nyingine ikapotea. Aliyekaribishwa barazani aligundua kuwa nyumba ina mwenyewe.

Wikipedia, iliyoanza Januari 2001 na yenye toleo la Kiswahili tangu 2003, imeshika njia nyingine. Huendeshwa na shirika lisilotafuta faida, mabadiliko huwekwa katika historia ya ukurasa, na leseni yake humruhusu yeyote kunakili. Mchangiaji halipwi, lakini alichoandika hakifungiwi ndani.

Tungo za Muyaka nazo hazikuwa na bohari. Zilikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya, akishirikiana na W. E. Taylor, kisha William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kufariki. Waliozipokea ndio waliozihifadhi, wala hapakuwa na wa kuwazuia. Ushirika wa intaneti nao upimwe hapo: je, aliyealikwa kusema anaweza kuchukua maneno yake akaondoka nayo?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika intaneti daftari lipo, ila mara nyingi limo mkononi mwa mwenye duka.