Hamburg Machoni mwa Mkaazi: Barua za Salme binti Said

Uhakiki wa fasihi ya safari umezoea kumpima msafiri kwa urefu wa njia aliyoipita. Kigezo hicho kinamfaa Salim bin Abakari, aliyesafiri Urusi na Siberia mwaka 1896 na ambaye masimulizi yake yalichapishwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901). Hakimfai Salme binti Said, ajulikanaye Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Kwa Salme, safari haikuisha meli ilipotia nanga, ndipo ilipoanza.

Binti huyu wa Sayyid Said aliondoka Unguja mwaka 1866. Mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete mjini Aden, akaenda naye Hamburg ilhali hajui Kijerumani. Sifa yake imetokana na kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, ambazo sehemu yake kubwa inahusu majumba ya Unguja. Maisha ya Hamburg yamo zaidi katika barua ambazo hazikuchapishwa hadi alipofariki mwaka 1924. Zilitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1993.

Fani ya barua ndiyo inayozaa maudhui. Anayeandikiwa ni rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, mtu asiyeijua Ulaya. Kwa sababu hiyo hakuna dogo linaloweza kupuuzwa: baridi, mavazi, saa za kula, namna ya kuamkiana. Mpita njia huorodhesha majengo na kwenda zake. Mkaazi hulazimika kuyaishi yale aliyoyastaajabia, na kilichokuwa kioja siku ya kwanza huwa mzigo kabla ya mwaka kwisha. Mlango uliofungwa, kwa mfano, ni kinga dhidi ya baridi kwa mwenyeji. Kwa msimulizi ni dalili ya watu waliojifungia mbali na wenzao. Taswira hiyo haitokani na ubunifu wa lugha tu, bali imezaliwa na kukaa.

Mwezi Agosti mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya kuumizwa na tramu ya farasi. Hapo mtazamo wa mji unageuka. Awali Hamburg ilikuwa mandhari iliyotazamwa na mke wa mfanyabiashara. Sasa ni mji wa kodi, akiba na hesabu ya watoto watatu. Ugeni ambao mume aliupunguza unarudi na nguvu mpya, na mambo ya kila siku yanakuwa suala la riziki.

Lakini mhakiki asilewe huruma. Jicho linalouchambua ukali wa desturi za Ulaya hulegea linapoelekea nyumbani: katika kumbukumbu za 1886 Salme anautetea utumwa wa Unguja na kuuona kuwa mpole. Si haki kulificha hilo ili apatikane shujaa. Aliujua unyonge wa kuwa mgeni, asiuone unyonge wa wale waliomtumikia utotoni. Pengo hili ni sehemu ya kazi yake, nalo lihakikiwe pamoja na fadhila zake.

Lipo swali lingine, nalo ni la lugha. Barua hizi zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo rafiki wa Unguja hakutazamiwa kuisoma. Awe wa kweli au wa kubuni, rafiki huyo ni chombo cha kifani: msimulizi anamwambia Mzungu mambo ya Uzungu huku akijifanya anazungumza na wa kwao. Hivyo anaupindua utaratibu wa karne yake. Mwaka 1872 Richard Burton alichapisha kitabu kuhusu Zanzibar na kuwaeleza wasomaji wa Uingereza mji usio wao. Salme anaufanyia mji wa Ulaya jambo hilohilo, ila yeye hakuwa na tikiti ya kurudi mfukoni.

Je, kazi hii ni ya fasihi ya Kiswahili? Kwa kigezo cha lugha pekee, la. Ila kwa kigezo cha hadhira aliyoiita na mizani ya pwani aliyoipimia Hamburg, mjadala haujafungwa. Zikifundishwa kwa Kiswahili bega kwa bega na Safari za Wasuaheli, barua hizi zitamlazimu mwanafunzi aulize upya safari ni nini. Tena zitakuwa zimemfikia, hatimaye, msomaji ambaye msimulizi alidai kumwandikia.