Ni Hapa, Si Pale

Mwezi wa Januari, saa mbili usiku, simama ufukweni Likoni uelekee baharini. Upande wa mashariki, ukishukia kusini kidogo, utaiona nyota inayozishinda zote kwa mwanga: Sirius, ile ambayo Qurani imeitaja katika Sura ya An-Najm kwa jina la Shi'ra. Hata taa za bandari haziifuti. Nyota hiyo ina mwandani, na mtu wa kwanza kulijua hilo hakumwona kamwe. Alipima tu.

Friedrich Bessel alikuwa mwanafalaki wa Königsberg. Nyota husogea, ila kwa mwendo mdogo mno; Sirius huchukua zaidi ya miaka 1,300 kuvuka upana wa mwezi mpevu. Bessel alikusanya vipimo vya miaka mingi, vyake na vya waliomtangulia, akaona njia ya Sirius inayumba. Mwaka 1844 akatangaza kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachoivuta. Mtu aliyebeba dumu la maji kwa mkono mmoja huinamia upande wa pili. Hata kama giza limelificha dumu, mwili wake unasema. Mwaka 1862, Bessel akiwa ameshafariki, Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu lenzi mpya huko Marekani, akamwona mwandani huyo pale pale ubavuni mwa Sirius.

Ninachokipenda zaidi ni adabu ya kazi hii. Kuyumba kule kulikuwa kudogo kiasi kwamba mvivu angesema chombo kimekosea, akalala. Bessel aliyatafuta makosa kwanza: ya chombo, ya hewa inayopinda mwanga, hata ya jicho na mkono wa mpimaji. Akayatoa yote. Kilichobaki akakiamini, ingawa hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Ilionyesha kwamba eksirei za chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hubadilika upesi ajabu, lakini haikuweza kusema zinatoka kwenye nyota ipi. Eneo ililolionyesha lilikuwa pana mno. Mwaka 1971 wapimaji wa mawimbi ya redio, Uholanzi na Marekani, walipapata mahali penyewe: kwenye nyota moja ya buluu, HDE 226868. Ndipo Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Charles Thomas Bolton huko Kanada, wakagundua kwamba nyota hiyo inazungukana na kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Ni shimo jeusi. Vipimo vya mahali vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa takriban jua 21.

Watu hulisifu shimo jeusi. Mimi nawasifu waliosema: ni hapa, si pale.

Setilaiti ya Gaia ya Ulaya ilipima nyota zaidi ya bilioni moja kwa njia hii ya kupima mahali, na mwaka 2024 kuyumba kwa nyota moja kulifichua shimo jeusi lenye uzito wa jua 33. Vipimo ilivyokwisha kuvitoa viko kwenye intaneti, bure kwa kila mtu. Walimu wa hesabu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wafungulieni wanafunzi wenu.