Mitumbwi Mitatu, Chombo Kimoja

Chombo cha kuvulia sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hakivutii macho kikiwa kimeegeshwa. Aliyezoea madau ya Pangani na majahazi ya Lamu akikikuta ufukoni Rusizi, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda ambayo wengi bado huiita Cyangugu, ataona mitumbwi mitatu ya mbao iliyopangwa ubavu kwa ubavu na kushikizwa kwa miti iliyokingama. Ataona pia miti mingine mirefu ya mkaratusi imechomoza mbele na nyuma, mbali juu ya maji. Hakuna tanga wala nakshi. Inabidi ukae nacho, uulize mti huu una kazi gani na kamba ile inashika nini, ndipo kinapoanza kueleweka. Kikishaeleweka, ni vigumu kutaja chombo kingine cha maziwa yetu kilichofikiriwa vizuri kukishinda.

Tuanze na idadi ya mitumbwi. Mtumbwi mmoja mwembamba hukata maji upesi, lakini watu wakisimama upande mmoja wakavuta wavu uliojaa, utapinduka. Dawa inayomjia mtu haraka ni kuunda mashua pana. Ila mashua pana hudai mbao nyingi, mafundi wengi na makasia mengi, na mkulima wa vilima vya Kivu hana mtaji huo. Mitumbwi mitatu iliyoachiwa nafasi huleta upana bila kuleta uzito. Wavuvi husimama katika mitumbwi yote wakavuta kila mmoja kwa upande wake, na chombo hakiinami. Mtumbwi mmoja ukioza, hufunguliwa ukawekwa mwingine, na ile miwili iliyobaki haiguswi.

Kisha yatazame mafundo. Mawimbi ya Kivu hayainui mitumbwi yote mitatu kwa pamoja: wa kati hupanda wakati wa pembeni unashuka. Kiungo kilichokazwa kwa msumari kingeupasua ubao mapema, kwa hiyo miti hufungwa kwa kamba. Kamba hutoa kidogo, kisha hurudi. Fundo likilegea mno, mitumbwi hugongana. Likibana mno, nguvu yote ya wimbi huhamia kwenye mbao. Kipimo cha katikati hakikuandikwa popote. Kijana hukipata kwa kufunga na kufunguliwa, akafunga tena chini ya jicho la mkubwa wake, mpaka viganja vijue.

Na ile miti mirefu ndiyo inayoshika wavu. Wavu wa sambaza una macho madogo sana na hutandazwa chini ya chombo ukiwa mlalo. Kamba za pembe zake hupanda hadi kwenye ncha za miti iliyochomoza mbele na nyuma. Mti mrefu huupa wavu mdomo mpana, lakini mti uliozidi urefu hulemea na hupinda. Mkaratusi huchaguliwa kwa sababu hukua wima na huvumilia kupinda bila kukatika. Kwa hiyo yule anayekwenda kuchagua mti kilimani ameshaanza kuvua, maana urefu na unyoofu wa mti anaoukata ndio utakaoamua ukubwa wa wavu.

Chombo hiki kina umri mdogo kuliko wazee wengi wa Rusizi, na kisa chake kinaeleza mengi kuhusu namna wenyeji na wageni walivyokutana katika nchi hii. Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, lilikuwa maskini wa samaki kwa maelfu ya miaka. Volkano za Virunga ziliziba njia ya maji kuelekea kaskazini. Ziwa likapanda, likapata njia kusini, na ndiyo asili ya mto Rusizi unaotoka hapo kati ya Bukavu na Cyangugu na kuteremka hadi Tanganyika. Mteremko huo una maporomoko ambayo samaki wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda. Watu wa Kivu walivua karibu na ukingo: kambale, perege, na samaki wadogo wa mawe na matete. Katikati ya ziwa palikuwa na vijidudu vingi vya majini, bila samaki wa kuvila.

Kati ya 1958 na 1960, chini ya utawala wa Wabelgiji, mtaalamu aitwaye Collart alileta vifaranga vya samaki kutoka Tanganyika. Walikuwa wa aina mbili: ndagala, ambaye watu wa Kigoma humwita dagaa, na ndugu yake anayejulikana kwa wanasayansi kama Limnothrissa miodon. Lengo kubwa lilikuwa ndagala, lakini aliyeshika makazi ni yule ndugu. Ndiye sambaza wa leo, na ndiye pia kapenta aliyepelekwa Ziwa Kariba, Zambia na Zimbabwe, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kumleta samaki kulikuwa rahisi kuliko kumpata. Sambaza hukaa mbali na ukingo, hupanda na kushuka kufuata chakula chake, na mitego ya wenyeji ilikuwa ya ukingoni. Ilichukua karibu miaka 20 kabla uvuvi wake haujashika mizizi.

Maarifa ya kumvua nayo yalitoka Tanganyika, ambako wavuvi wa upande wa Burundi walikuwa wakifunga mitumbwi pamoja na kuvua usiku kwa taa na wavu wa kuinua tangu miaka ya 1950. Upande wa Rwanda, mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wenye makao Gisenyi ulisaidia kuyaeneza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo samaki alikuwa mgeni, wavu ulikuwa mgeni, na namna ya kufunga mitumbwi ilikuwa ngeni. Lakini nani alijua upepo wa jioni unageuka saa ngapi? Nani alijua kupiga kasia usiku kucha bila kuchoka, na ghuba ipi hutulia dhoruba ikija? Hayo yalikuwa ya wenyeji, na bila hayo wavu ungebaki ghalani.

Pembe hii ya Rwanda, iliyoitwa Kinyaga tangu zamani, imezoea mapatano ya aina hiyo. Msitu wa Nyungwe uliitenga na Rwanda ya kati, na ziwa likaiunganisha na magharibi. Watu walihamia hapa kwa vizazi, wengine kutoka mashariki ya msitu, wengine kutoka Bushi ya ng'ambo ya ziwa, kisiwa cha Ijwi na bonde la Rusizi. Walifyeka, wakalima, wakaoa kwa majirani. Masoko ya ziwani yalibadilishana majembe, mifugo, vyakula na butega, bangili za nyuzi za msituni zilizosukwa na Watembo wa ng'ambo ya ziwa na kutumika kama fedha. Aliyetaka kuvuka alimhitaji mwenye mtumbwi, awe mfanyabiashara au mkuu wa jeshi.

Desturi ya Rwanda ilikuwa na adabu maalumu kwa mgeni anayejenga. Koo za Wagesera, Wazigaba na Wasinga huhesabiwa kuwa abasangwabutaka, yaani waliokutwa kwenye ardhi. Mtu wa ukoo mwingine alipofungua kiwanja alimwita mmoja wao akibariki, na uhusiano huo uliitwa ubuse. Msomaji wa Tabora au wa pwani ataukumbuka utani na kazi ya mtani msibani. Aliyetangulia hakumfukuza aliyefuata, na aliyefuata alikiri kwamba alimkuta mtu.

Si wageni wote walioshika adabu hiyo. Mfalme Rwabugiri wa Rwanda alivusha majeshi ziwani akaiteka Ijwi, na machifu wake walileta Kinyaga kazi za kulazimishwa za uburetwa. Alifariki mwaka 1895 akiwa katika vita dhidi ya Bushi. Mwaka uliofuata wanajeshi wa Dola Huru ya Kongo walijikita Shangi, ukingoni mwa ziwa, na kulishinda jeshi la Rwanda. Wajerumani wakafuata, na mpelelezi wao Richard Kandt akajenga makazi yake hapo Shangi mwaka 1899, akalipima na kulichora ziwa. Mwaka 1910 mkataba wa Brussels ulipitisha mpaka majini: Ijwi ikaangukia Kongo, Nkombo ikabaki Rwanda, na Wahavu wa visiwa hivyo viwili wakajikuta katika nchi mbili. Na Watwa walioishi kwa msitu wa Nyungwe waliona makazi yao yakipungua kila shamba jipya lilipofunguliwa. Asilimulie mtu historia ya Kinyaga kwa utamu mtupu.

Ndiyo maana chombo cha sambaza kinastahili kutazamwa kwa makini. Ndani yake kuna mfano wa mgeni na mwenyeji waliofanya kazi bila mmoja kumfuta mwenzake. Tazama wanavyofanya.

Jioni wanasukuma chombo majini. Wavuvi wengi wa Rusizi ni wenyeji wa ukingo na visiwa, wakiwemo watu wa Nkombo wanaozungumza lugha yao iliyo ndugu na Kihavu na Kishi pamoja na Kinyarwanda. Hapo zamani walibeba karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Wakishafika wanakotaka, huwasha taa na kuushusha wavu hadi chini ya mwanga. Kuanzia hapo kazi yao ni kungoja. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta sambaza, na kundi huzidi kujaa polepole. Mwenye pupa huinua mapema akapata kiganja cha samaki. Mwenye uzoefu huyasoma maji: rangi yake chini ya taa, vimulimuli vya magamba, namna kamba inavyotikisika kidogo mkononi.

Mbalamwezi huharibu kazi hiyo. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea ziwa zima, samaki hana sababu ya kuifuata taa moja. Kwa hiyo kalenda ya mvuvi ni ya mwezi, na giza ambalo wengine huliogopa ndilo mtaji wake.

Kuinua ndiko kunakoonyesha ufundi wote kwa pamoja. Pembe zote za wavu lazima zipande sawasawa. Pembe moja ikitangulia, wavu huinama na samaki humwagikia upande wa pili, na kazi ya saa nzima inapotea. Watu wamesimama katika mitumbwi mitatu tofauti, gizani, hawaonani vizuri. Kinachowaunganisha ni wimbo. Mmoja huanza, wengine huitikia, na kila kiitikio ni mvuto mmoja wa kamba. Wageni wanaolala katika hoteli za ukingoni husifu uimbaji huo kama burudani. Unapendeza, ni kweli, lakini kazi yake ni kupima: mwendo wake unafuata uzito wa wavu, huwa wa haraka wavu ukiwa mwepesi, na mzito wavu ukijaa. Ni urithi wa wapiga kasia wa ziwa hili, waliokuwa wakiimba ili makasia yaangukie maji kwa pamoja. Wavu uliotoka Tanganyika uliupata hapa wimbo wa kuuinua.

Alfajiri wanarudi. Sambaza hakai, huharibika upesi, kwa hiyo wanunuzi, wengi wao wanawake, huwa wamekwisha fika. Wanajua kwa jicho na kidole samaki wa kukaanga leo na wa kuanikwa. Wengine huelekea mjini Kamembe, wengine huvuka daraja la Rusizi na mabeseni kichwani kwenda Bukavu. Kuanika nako kunataka jicho: tandaza nyembamba, geuza kwa wakati, mvua ikinukia wahi kuanua.

Ufundi huu pia unajua kujizuia. Kila mwaka Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ni migumu kwa familia isiyo na shamba la kutosha. Ni wakati wa kuziba mitumbwi, kubadilisha miti na kushona nyavu, na mvuvi makini hukagua kila jicho la wavu, maana anajua tundu dogo linavyotoa samaki wengi. Kinachowaumiza ni kuona nyavu haramu zikipita gizani wakati wao wametii.

Na wageni hawajaacha kuja. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu kwa mara ya kwanza, na sasa anagombea chakula na sambaza. Vizimba vya kufugia perege vinaongezeka ukingoni. Huko Karongi, mitambo ya KivuWatt huvuta gesi ya methani kutoka vilindini na kuzalisha umeme tangu mwishoni mwa 2015. Kila kimoja kina faida yake, na kila kimoja kinahitaji nafasi katika maji yale yale ambayo chombo cha mitumbwi mitatu hupita usiku.

Kinyaga ilishaweka utaratibu wa mambo kama haya muda mrefu kabla ya wataalamu na mikataba. Anayefungua kiwanja humwita kwanza aliyekutwa hapo. Wanaopanga matumizi ya Ziwa Kivu wakae na wavuvi wa Nkombo na Rusizi kabla ya kuchora mpango. Wawasikilize wanavyosoma maji, upepo na mwezi, na wawalipe kwa maarifa hayo kama wanavyolipwa wahandisi. Watu waliompokea samaki mgeni na wavu mgeni, wakavifanya riziki ya ziwa zima, wamekwisha kuonyesha kwamba hawaogopi jipya. Wanadai waulizwe, na wana haki.